Je, Mkristo Aweza Kuua Mnyama kwa Kujifurahisha?

Wale wanaojitayarisha kwa Ubatizo katika vijiji vya Ituri huuliza mara nyingi habari ya uwindaji. Swali lao si la bure. Huko Mambasa na Irumu nyama ya msituni ndiyo kitoweo cha nyumba nyingi, na mtu aliyelelewa kwa wavu na upinde huogopa pengine kwamba siku ya kubatizwa ataambiwa avitupe, kama atupavyo hirizi. Mwingine akaa mjini, tuseme katika mtaa wa Lumumba huko Bunia. Yeye hana shida ya nyama, kwa kuwa soko li karibu. Lakini rafiki yake mwenye bunduki akimwita siku ya mapumziko, hutamani kwenda naye apate kupima shabaha yake juu ya viumbe vyenye uhai. Kwa macho, watu hao wawili wanafanya kazi moja. Mbele ya Mungu si kazi moja.

Kitabu cha Mwanzo chaonyesha kwamba hapo awali Mungu aliwapa Adamu na Eva mimea na matunda kuwa chakula (Mwa. 1, 29). Ruhusa ya nyama ilikuja baada ya gharika, Noe alipoambiwa kwamba aweza kula wanyama, ila si pamoja na damu yao (Mwa. 9, 3-4). Isaka alipokuwa mzee asiyeona alimtuma Esau porini amwindie, wala Maandiko Matakatifu hayamlaumu kwa hilo. Basi uwindaji wenyewe si dhambi. Lakini angalia sharti lake. Sheria ya Musa ilimwamuru mtu aliyenasa mnyama au ndege aimwage damu yake na kuifunika kwa udongo (Law. 17, 13). Damu ni uhai, na uhai ni mali ya Mungu. Kila mara mwindaji alipoinama kuifukia damu ile, alikumbushwa kwamba amechukua kitu chenye Mwenyewe, tena kwa ruhusa tu. Vilevile aliyekuta kiota njiani aliweza kutwaa makinda, lakini mama yao ilimpasa kumwacha aende (Kum. 22, 6-7). Mtegaji yeyote wa Ituri aielewa sheria hiyo bila kufundishwa: amchukuaye mama pamoja na wana, mwaka ujao atatega bure.

Wako Mambuti wa msitu wa Ituri ambao huwinda kwa nyavu. Wanaume huziunganisha nyavu zao ziwe kama nusu duara, kisha wanawake na watoto huwaswaga wanyama kwa makelele mpaka mboloko akimbilie wavuni. Nyama hugawanywa: mwenye wavu ana fungu lake, na waliosaidia wana lao. Kuna furaha nyingi katika kazi hiyo, nyimbo na vicheko, wala furaha hiyo si dhambi. Hata mvuvi hucheka akivuta wavu uliojaa. Kosa haliko katika kufurahia riziki. Kosa huanza pale kifo chenyewe kinapofanywa mchezo, na mnyama akaachwa aoze, au aende zake na jeraha, kwa sababu aliyempiga hakumtaka ila kwa kujisifu.

Mfano wake hauko mbali. Mwezi wa Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani hadi mwaka 1909, alipiga kambi kwenye ukingo wa magharibi wa Nile, katika nchi iliyoitwa Lado. Mahali pale leo ni Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Aru na Mahagi, na jina lake ni Rhino Camp. Alimfuata kifaru mweupe wa kaskazini. Yeye na mwanawe Kermit waliua tisa. Katika safari yao nzima ya Afrika, kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, waliua wanyama 512. Haifai kumwonea: wengi walipelekwa katika nyumba ya makumbusho ya Washington ili wataalamu wajifunze, na wengine waliliwa na wapagazi. Hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba elimu ilidai vifaru tisa. Wala si yeye aliyewamaliza. Waliowamaliza hasa ni majangili wa pembe, miaka mingi baadaye. Hifadhi ya Garamba, iliyoanzishwa mwaka 1938, iliwalinda kwa muda mrefu, lakini vifaru wa aina hiyo hawaonekani tena humo. Dume la mwisho, lililoitwa Sudan, lilikufa huko Kenya mwezi wa Machi 2018, yakabaki majike mawili tu. Mwenye kujisifu na mwenye kutamani fedha hawakujuana, lakini wote wawili walihesabu kwamba mmoja zaidi si kitu.

Jambo la Epulu li karibu zaidi. Huko, magharibi ya Mambasa, ndiko kituo kikuu cha Hifadhi ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992. Tarehe 24 Juni 2012, siku ya Dominika, sikukuu ya kuzaliwa kwake Mtakatifu Yohane Mbatizaji, watu wenye silaha wakiongozwa na jangili wa tembo walikishambulia kituo. Waliua watu sita. Na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakaangamia. Vifo vya wale watu ndivyo msiba mkubwa, wala okapi wasitajwe kana kwamba walikuwa sawa nao. Lakini okapi wale hawakufuatwa kwa njaa. Walikuwa zizini, hawawezi kukimbia, wala hawakumkosea mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha tangu karne ya 13 kwamba mtu azoeaye ukatili kwa wanyama huelekea kuwatendea watu vivyo hivyo. Siku ile huko Epulu mkono uliowaua hao na hao ulikuwa mmoja.

Eklezya haisemi kwamba amri ya tano yamhusu mbuzi au kuku. Mtu ana haki ya kula nyama, na ya kulilinda shamba lake na nyani. Tena ni aibu kumlisha mbwa vizuri huku mtoto wa jirani akilala njaa. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha (na. 2418) kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo haja hakupatani na heshima ya mtu. Heshima ya nani? Ya mtu mwenyewe, yeye aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Watu wachache wajua kwamba Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 iliwakataza makleri kabisa uwindaji wa fahari na makelele.

Hapo mtu maskini huinua malalamiko, na malalamiko yake yana uzito. Asema: tajiri akilipia kibali huitwa mwindaji, nami nikitega kamba huitwa jangili. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 yatakiwa kutiiwa na wote wawili, na okapi haruhusiwi kwa yeyote. Lakini kibali cha serikali hakimpi tajiri ruhusa ya dhamiri. Karatasi yasema tu kwamba hatafungwa. Maskini naye asijifiche nyuma ya njaa yake, ikiwa nyama yenyewe yapakiwa katika lori kwenda mjini.

Maswali ya kuzungumza pamoja na mwalimu. Kwa nini mwindaji wa Agano la Kale aliifunika damu kwa udongo? Furaha ya wenye nyavu na furaha ya mpiga shabaha zatofautianaje? Mtu ametega mitego kumi msituni, naye huitazama mara moja tu kwa juma. Mnyama hunaswa Jumatatu, hufa Jumatano, naye Jumamosi akuta ameoza. Mtu huyo ana njaa kweli, na watoto wake pia. Je, ana la kuungama?