Homa ya Ini Ina Njia Mbili

Wasomaji wetu, mtu akigeuka manjano ya macho, maneno huanza upesi. Jirani mmoja husema amelogwa. Wa pili husema ni pombe. Wa tatu humtengea mgonjwa kikombe na sahani. Huenda wote watatu wamekosea, na mgonjwa ameachwa peke yake. Yatupasa basi kuyajua maradhi haya jinsi yalivyo.

Homa ya ini iletwayo na virusi ina aina tano kubwa, nazo zaitwa A, B, C, D na E. Njia zake ni mbili, wala tusizichanganye.

Njia ya kwanza ni kinywa. Virusi vya A na E hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, vikaingia katika maji au chakula cha wengine. Mjini na shambani ni mamoja. Katika mji wa Delhi, Uhindi, miaka ya 1955 na 1956, maji machafu yaliingia katika maji ya kunywa yaliyotekwa mto Yamuna, na watu 29,000 hivi wakaugua. Katika kambi za wilaya ya Kitgum, Uganda ya Kaskazini, toka 2007 hata 2009, watu zaidi ya 10,000 waliugua aina ya E, na 160 hivi wakafa. Aina hiyo ni kali hasa kwa mama mjamzito. Kinga yake ni choo, maji yaliyochemshwa, na mikono iliyooshwa kwa sabuni.

Njia ya pili ni damu na majimaji ya mwili. Hiyo ndiyo njia ya B na C. Nayo D humpata tu mwenye B. Wembe mmoja kwa vichwa vingi, chale, kutoga masikio, sindano isiyo safi: yote hayo ni mlango. B hupita pia katika tendo la ndoa, na kwa mama hata mtoto wakati wa kuzaliwa. Virusi vyake huweza kukaa nje ya mwili siku 7. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara nyingi hubaki navyo maisha yake yote. Hahisi neno miaka mingi, kisha ini husinyaa au huota saratani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 254 wenye B.

Lakini B na C haziambukizwi kwa kushikana mikono, wala kwa kula sahani moja. Anayemtenga mgonjwa wa namna hiyo hajikingi na kitu. Amemwongezea uchungu tu.

Tena kuna msaada. B ina chanjo, nayo Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2002. Shirika hilo lashauri sindano ya kwanza itolewe kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa. C haina chanjo, lakini dawa za siku hizi huwaponya zaidi ya watu 95 katika 100.

Basi, baba na mama, nendeni mkapimwe pamoja, wala mume asimwachie mkewe kliniki peke yake. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Tusingoje kilio.