SOMO: KARTUSHI GANI YAFAA KWA NGURUWE WA PORI NA KWA KABULUKU?



Mashamba yenu yana maadui wawili. Wa kwanza ni nguruwe wa pori. Huja usiku pamoja na wenzake, hufukua mihogo kwa pua, na asubuhi mnakuta shamba limelimwa na asiye na jembe. Wa pili ni kabuluku, yule paa mdogo, mwenye kupenda majani machanga ya maharagwe.

Watu wengi wenye bunduki ya kalibri 12 huenda dukani na kununua kartushi yoyote. Husema: «Bunduki ni ile ile, na kartushi zote ni sawa.» Sivyo. Kabla ya kununua, na tena kabla ya kupiga, mwindaji ajiulize maneno matatu: Bunduki yangu ni gani? Nyama ni gani? Nyuma ya nyama kuna nini?

1. BUNDUKI YANGU NI GANI?

Soma alama zilizochongwa juu ya chuma. Kalibri 12 maana yake ni hii: ukigawa ratli moja ya risasi (gramu 453) kuwa mipira 12 iliyo sawa, mpira mmoja waenea katika mtutu. Ukigawa mipira 20, kila mmoja utakuwa mdogo zaidi. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Tundu la kalibri 12 lina upana wa milimeta 18 na nusu. La kalibri 20 lina milimeta 15 na nusu hivi.

Hapa ndipo kuna hatari kubwa. Kartushi ya 20 ikiingizwa katika bunduki ya 12 hupita mahali pake, huteleza ndani ya mtutu na kukwama. Mwenye bunduki hutazama, haoni kitu. Hufikiri hakuweka kartushi, naye huweka ya 12 nyuma yake. Akifyatua, mtutu hupasuka mbele ya uso wake. Katika kijiji nilichofanya kazi alikuwako baba mmoja aliyepoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwa sababu hiyo. Zile kartushi alizichanganya mwenyewe katika mfuko mmoja. Siku hizi viwanda vingi hutia kartushi za 20 rangi ya manjano, ili watu wasikosee. Lakini usitegemee rangi tu: soma namba iliyo juu ya shaba.

Tazama na urefu. Bunduki nyingi za zamani zimeandikwa 65, yaani milimeta 65. Nyingine zimeandikwa 70. Kartushi ya 70 yaweza kuingia vizuri katika bunduki ya 65, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Ikipigwa, mdomo hukunjuka na kukosa nafasi, na nguvu ya baruti huzidi kipimo. Kartushi ya 65 yaweza kupigwa katika bunduki ya 70. Ya 70 isipigwe kamwe katika bunduki ya 65.

2. NYAMA NI GANI?

Ndani ya kartushi mna chembe za risasi. Hapa pia namba kubwa maana yake ni chembe ndogo. Chembe za namba 6 ni ndogo na nyingi, zaidi ya mia mbili katika kartushi moja. Zafaa kwa kanga na kwale. Ukimpiga nguruwe kwa hizo, zitakwama katika ngozi na mafuta yake. Hafi. Atakwenda kuoza porini kwa vidonda, au atakugeukia wewe. Nguruwe aliyejeruhiwa ni mnyama mbaya.

Kabuluku ana uzito wa kilo 12 mpaka 25. Kwake yatosha kartushi ya chembe nene, namba 1 au sifuri, kwa mbali ya hatua 30, wala si zaidi. Nguruwe mzima aweza kupata kilo 60 na zaidi. Kwake tumia shevrotini ya chembe 9, ambazo kila moja ina upana wa milimeta 8 na nusu hivi, kwa hatua 25. Au kartushi ya risasi moja nzito, kwa hatua 50. Ukizidi hapo, chembe hutawanyika, na mnyama hupata moja au mbili tu. Mlenge nyuma ya bega, si tumboni.

Wengine hufungua kartushi ndogo, huondoa chembe, na kutia mpira mmoja walioumba wenyewe, au vipande vya chuma. Acheni desturi hiyo. Mitutu mingi hubana karibu na mdomo. Mpira mnene hukwama pale, nao mtutu hupasuka. Tena risasi ya betri kuukuu iliyoyeyushwa jikoni ni sumu, na moshi wake huharibu akili za watoto.

3. NYUMA YA NYAMA KUNA NINI?

Ulizo hili watu hulisahau, nalo ndilo kubwa. Chembe za namba 6 huanguka kabla ya meta 300. Shevrotini huweza kufika meta 600. Risasi moja nzito hupita kilometa. Risasi ya karabini hupita kilometa 3, ndiyo maana haifai karibu na mashamba.

Nanyi mwakaa karibu na migodi. Porini penu hamna wanyama peke yao. Wako wachoma makaa wanaolala kando ya tanuru, wako wachimbaji wanaotembea usiku na tochi, wako mama wanaokwenda mtoni kabla ya mapambazuko. Macho mawili yanayong'aa gizani si lazima yawe ya nguruwe. Usipige sauti, usipige majani yanayotikisika. Ngoja uone mnyama mzima, na nyuma yake udongo wa kilima au kichuguu. Usipoona, rudi nyumbani. Mihogo hupandwa tena, mtu hapandwi.

Mwisho, msisahau kibali. Sheria ya Kongo ya tarehe 28 Mei 1982 juu ya uwindaji iliweka lazima ya kibali cha kuwinda. Na mkipata nyama, kateni na kutupa sehemu iliyo karibu na kidonda, kwa maana risasi huacha sumu katika nyama. Msiwape watoto wala mama wenye mimba sehemu hiyo.

MAULIZO

1. Kwa nini kartushi za 12 na za 20 zisiwekwe katika mfuko mmoja?
2. Bunduki yako imeandikwa 65 au 70? Nenda uitazame leo.
3. Kwa nini chembe za namba 6 hazifai kwa nguruwe?
4. Umemwona nguruwe, lakini nyuma yake ni njia ya wachoma makaa. Utafanya nini?