Kompyuta nyembamba, matundu mawili

Swali: Nina duka la kuchapa hati hapa Likasi. Muuzaji ananishawishi ninunue laptopu ya "akili mnemba" yenye matundu mawili tu ya USB-C. Printa na fulashi za wateja nitachomeka wapi?

Jibu: Ndugu, usinunue jina. Copilot+, jina la Microsoft kwa laptopu za aina hiyo, lililotangazwa 2024, linadai chipu maalumu ya akili mnemba. Kuchapa barua hakuihitaji. Tena matundu ya USB-C hufanana kwa sura tu: moja hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, jingine gigabiti 40, na si yote yanayotoa picha kwenye skrini. Dai karatasi ya vipimo. Kwa kazi yako, mashine iliyotumika yenye USB-A tatu na HDMI inatosha. Kobalti nyingi ya betri za laptopu inachimbwa Katanga yetu. Tunastahili mashine zinazotufaa.