Ng'ombe Anachechemea? Tafuta Maumivu Yalipo Kabla ya Sindano

Kijana mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa alinitumia video ya farasi anapigwa CT skani huku amesimama, akauliza: "Afisa, sisi mashine hii tutaipata lini? Ng'ombe wangu anachechemea na ameshachomwa sindano mbili." Swali zuri, lina somo ndani yake.

Huko Ulaya na Marekani, zamani farasi alilazimika kulazwa kwa dawa ya usingizi ndipo apigwe picha hiyo. Ni hatari, maana mnyama wa kilo 500 akizinduka vibaya anaweza kujivunja mguu. Siku hizi anapewa dawa ya kumtuliza tu. Anabaki amesimama, mashine ya duara inazunguka mguu na kupiga picha nyingi za eksirei, kompyuta inaziunganisha. Mfupa unaonekana kipande kwa kipande, kama mkate wa slesi. Hata ufa mdogo ambao eksirei ya kawaida ingeukosa unaweza kuonekana.

Lakini hata huko daktari haanzi na mashine. Anamtazama farasi akitembea, anabana kwato, kisha anaweza kuchoma ganzi sehemu moja ya mguu. Kuchechemea kukipungua, amejua maumivu yako hapo. Ndipo anapiga picha. Mpangilio huo sisi tunauweza, bila umeme.

1. Mtazame akitembea. Mpitishe sehemu tambarare na ngumu, uangalie kwa ubavuni na kwa nyuma. Mgongo ukipinda akitembea tu, tatizo ndio linaanza. Ukipinda hata akisimama, limekolea. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa kinanyanyuka kila anapoukanyagia.

2. Inua mguu, osha, angalia. Kwa ng'ombe wa maziwa, takriban kesi 9 kati ya 10 ziko kwenye kwato, hasa miguu ya nyuma, kidole cha nje. Mfunge vizuri kwenye krashi, uanzie hapo. Angalia katikati ya vidole, chini ya kwato na kisigino. Bana kila kidole kwa koleo la kupimia kwato, au bonyeza kwa dole gumba. Akishtuka na kuvuta mguu palepale kila ukibana, umepapata.

3. Soma unachokiona.
- Uvimbe sawa pande zote mbili juu ya kwato, harufu mbaya na kidonda katikati ya vidole: kwato inaoza. Hapa antibayotiki ya daktari inasaidia.
- Kidole kimoja kinauma, chini kuna doa jeusi au damu: kidonda au usaha ndani ya kwato. Sindano peke yake haitaponya. Anahitaji mtaalamu wa kukata kwato, na mara nyingi kibao kwenye kidole kizima ili kibovu kipumzike.
- Kidonda chekundu kibichi juu ya kisigino: ni ugonjwa wa ngozi ya kwato. Unaambukiza, na dawa yake hupuliziwa palepale baada ya kuosha.
- Kwato safi kabisa: panda juu, pima kwa mkono kila kiungo hadi nyonga, kisha mwite daktari wa mifugo.

Tahadhari. Wakichechemea kadhaa kwa mpigo, na mate yanawatoka, usianze kukata kwato. Huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Zuia mifugo kuingia na kutoka, toa taarifa siku hiyohiyo.

Kwa nini nasisitiza? Ng'ombe mwenye maumivu hashindi horini, anakula kidogo, maziwa yanashuka, na joto lake hulioni kwa sababu hapandi wenzake. Ukichoma antibiotiki kwa kubahatisha, unalipia dawa, unamwaga maziwa mpaka siku za kwenye lebo ziishe, na kidonda bado kipo. Nimeshuhudia ng'ombe wazuri wakiuzwa kwa mchinjaji kwa bei ya hasara, hakuna aliyewahi kuinua mguu.

Basi, ukinipigia simu anza hivi: mguu upi, kidole kipi, tangu lini, umeona nini. Ukiwa na majibu hayo manne, nusu ya kazi ya daktari umeshaifanya.