Kununua Nyumba Kijijini: Uliza Kwanza Habari za Minazi

Mnunuzi afikaye Mkwaja, wilayani Pangani, huonyeshwa nyumba, kisima na minazi, akadhani vyote ni vya mtu mmoja. Huenda sivyo. Katika mwambao wetu mnazi waweza kuwa na mwenyewe asiyekuwa mwenye kiwanja. Aliyeupanda, au warithi wake, watakuja kudai nazi zao hata baada ya nyumba kuuzwa. Basi usitosheke na maneno ya muuzaji. Zunguka mipaka pamoja na majirani, hesabu miti, na uandikishe katika mkataba ile inayouzwa na isiyouzwa. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku ya kuangua.

Nyumba ikiwa ya urithi, omba kuona barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Ikiwa ni ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuiuza pasipo ridhaa ya mwenzake.

Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuhamisha hakimiliki ya kimila huhitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, hata ikiwa na muhuri, si idhini hiyo. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichoitoa.

Muuzaji naye asipokee malipo kabla ya kikao hicho. Idhini ikikataliwa, atadaiwa fedha ambazo pengine amekwisha kuzitumia.