Gobori la Mitutu Miwili

Gobori ni bunduki ya kizamani ishindiliwayo kwa mdomoni. Mwenye kulijaza hupima baruti kwanza, akaimimina mdomoni mwa mtutu. Kisha hutia kitambaa, na juu yake risasi moja au marisaa. Vyote hivyo huvishindilia kwa mdeki mpaka vikae chini kabisa. Mwisho huvika fataki juu ya kifa na kupanza mtambo, ndipo bunduki iwe tayari. Kazi hii humchukua mtu hodari nusu dakika, na mtu wa kawaida dakika nzima.

Dakika moja si kitu kwa mtu aketiye nyumbani, lakini porini ni muda mrefu sana. Nyati aliyejeruhiwa, akiwa mbali hatua mia, aweza kumfikia mwindaji kabla hajahesabu hata kumi. Mwenye mtutu mmoja, akiisha kupiga na kukosa, amebaki na gongo tu mkononi. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani waliunganisha mitutu miwili, ubavu kwa ubavu, juu ya tako moja. Je, gobori la namna hii lilikuwa bora kuliko lile la mtutu mmoja? Tusikate shauri upesi. Tuyaweke mambo yote katika mizani.

Faida zake ni hizi. Kwanza, mwindaji alikuwa na pigo la pili papo hapo, bila kushindilia tena. Pili, kila mtutu una mtambo wake na kifa chake. Basi fataki ya kuume ikikataa kulipuka, ya kushoto yaweza kuitika. Tatu, aliweza kutia marisaa katika mtutu mmoja, apate kanga wa kitoweo, na risasi nzima katika mtutu wa pili, ajilinde na mnyama mkali.

Mwingereza mmoja, William Cotton Oswell, aliyefuatana na Dk. Livingstone mpaka ziwa Ngami mwaka 1849, alikuwa na gobori la mitutu miwili lenye uzito wa ratili 10 hivi. Aliwinda juu ya farasi, akawakaribia wanyama sana kabla ya kupiga, na kushindilia tena huku farasi akikimbia kati ya miiba. Baadaye alimwazima rafiki yake Samuel Baker bunduki hiyo. Baker alisimulia ya kuwa mti wa tako lake ulikuwa umelika kama kwamba umetafunwa na panya. Kumbe ni miiba iliyoukwaruza miaka ile yote.

Sasa tutazame hasara. Kwanza ni uzito: mitutu miwili huchosha bega katika safari ya kutwa. Pili ni gharama, kwa kuwa yataka fundi stadi kuiunganisha mitutu ili yote miwili ipige mahali pamoja. Isipokuwa hivyo, risasi moja huenda upande huu na nyingine upande ule. Tena mvua ikilowesha baruti, mitutu miwili haina faida kupita mmoja.

Lakini hasara iliyo kubwa ni hatari impatayo mwenyewe. Akiisha kupiga mtutu wa kuume, hushika mdeki aujaze tena, na mkono wake u karibu na mdomo wa mtutu wa kushoto, ambao bado umejaa. Akisahau kuushusha mtambo wake, au kuondoa fataki, aweza kupoteza vidole, au hata maisha yake. Kadhalika kishindo cha mtutu mmoja huweza kuisogeza mbele risasi ya mtutu wa pili, pakawa na nafasi baina ya risasi na baruti. Mtutu wa namna hiyo ukipigwa, huenda ukapasuka. Tena, kwa haraka na hofu, mtu huweza kushindilia mara mbili mtutu ule ule, na mwingine akauacha mtupu.

Msidhani ya kuwa haya ni maneno ya kutisha watoto tu. Frederick Selous, aliyefika Afrika ya Kusini mwaka 1871 naye ni kijana wa miaka 19, aliwinda ndovu kwa gobori kubwa la mtutu mmoja. Siku moja bunduki yake ilikataa kulia. Mbebaji wake akatia baruti na risasi tena, juu ya zile zilizokuwamo. Selous alipompiga ndovu, alirushwa chini kwa nguvu nyingi, tako likavunjika, na uso wake ukatapakaa damu. Aliponea chupuchupu. Basi, ikiwa mtutu mmoja ulileta msiba huo, mwenye mitutu miwili imempasa uangalifu mara mbili.

Wawindaji wenye busara walikuwa na dawa yake, nayo haikugharimu hata senti. Walichonga alama mbili juu ya mdeki: moja ya kuonyesha mtutu mtupu, na ya pili ya kuonyesha mtutu uliojazwa sawasawa. Kabla ya kutia baruti walipima kila mtutu kwa mdeki huo; na baada ya kupiga mmoja, waliugonga tena mzigo wa ule mwingine, wahakikishe haukusogea.

Tumekwisha kupima, na mizani imesema. Gobori la mitutu miwili lilikuwa bora kwa mtu mtaratibu, nalo lilikuwa baya kwa mtu mwenye pupa. Mtutu wa pili ulimwokoa yule aliyekumbuka umejaa, na ulimdhuru yule aliyesahau. Ndivyo kilivyo kila chombo chenye nguvu: kadiri kizidishavyo uwezo wa mtu, ndivyo kizidishavyo na wajibu wake.

Maswali
1. Kwa nini mafundi waliunganisha mitutu miwili?
2. Taja faida tatu na hasara tatu za gobori hili.
3. Alama za mdeki zingaliwezaje kumwokoa Selous na ajali yake?