Chakula cha Kopo: Kabla na Baada ya Kulifungua

Utasikia watu wakisema chakula cha kopo kimetiwa dawa, ndiyo maana hakiozi. Kwa makopo mengi si kweli. Kinacholinda maharage, samaki au nyama ndani ya kopo ni moto. Chakula hutiwa humo, kopo likazibwa hewa isipenye, kisha likapikwa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 121 hivi, kupita maji yanayochemka. Vijidudu vilivyokuwemo hufa, na vya nje havina pa kuingilia. Mfaransa Nicolas Appert aliutangaza ufundi huu mwaka 1810 akitumia chupa za kioo, miaka mingi kabla Louis Pasteur hajaeleza kwa nini unafaulu.

Moto huo una hasara yake. Vitamini C hupungua, na baadhi ya vitamini B pia. Protini, madini na nyuzinyuzi hubaki. Nyanya ya kopo hata ina jambo la ziada: likopini, ile rangi nyekundu yenye faida, mwili huifyonza vizuri zaidi ikishapikwa. Na sadini usiwachambue mifupa. Imekwisha kulainika, na gramu 100 za sadini pamoja na mifupa yake zina miligramu 380 hivi za kalisi, zaidi ya theluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Mtoto mdogo mpondee. (Mwenye dagaa wakavu jikoni, wanaoliwa wazima na vichwa vyao, asikimbilie kopo. Faida ni ileile na bei ni nafuu.)

Chumvi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na nyama ya kopo au maharage ya kopo huweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa mlo mmoja. Maharage yaliyo katika maji ya chumvi yamwage kwenye chujio, uyasuuze. Chumvi hupungua kwa zaidi ya theluthi. Onja kabla ya kuongeza chumvi au kidonge cha mchuzi, hasa kama nyumbani kuna mwenye shinikizo la damu. Maziwa ya kopo mazito yenye sukari ni ya chai na keki. Mtoto mchanga asipewe hata yakizimuliwa.

Utando unaopakwa ndani ya makopo mengi umekuwa ukitengenezwa kwa kemikali iitwayo BPA, inayoweza kuvuruga homoni. Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2024 kuipiga marufuku katika vifungashio vya chakula. Anayekula kopo mara mojamoja asikose usingizi kwa hilo. Anayelila kila siku ana sababu ya kupunguza.

Dukani, lishike kopo mkononi na uligeuze. Lililovimba, linalovuja, lililoliwa na kutu au lililobonyea kwenye mshono, liache hata likipunguzwa bei. Likirusha povu ukilifungua, usionje. Huenda limeingiwa na bakteria wa botulizimu, ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka na hustawi pasipo hewa, na sumu yake mara nyingi haina harufu wala ladha. Kuona viwiliviwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito na kushindwa kumeza huanza mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula. Mkimbize mgonjwa hospitali, kwa sababu sumu hiyo huweza kufikia misuli ya kupumulia. Visa hivi ni nadra, na vingi hutoka kwenye vyakula vilivyosindikwa nyumbani. Wanafunzi wa shule ya bweni walipougua Kampala mwaka 2008, kilichoshukiwa ni kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani.

Likishafunguliwa, kopo halina ulinzi tena. Kilichomo ni sawa na kiporo. Kwenye joto la pwani kisikae nje zaidi ya saa mbili. Nyumba isiyo na friji inunue kopo dogo la kumalizwa kwa mlo mmoja, ingawa duka litakuambia kubwa lina nafuu. Mwenye friji akihamishie kwenye bakuli lenye kifuniko na akile ndani ya siku 3 au 4. Kikiachwa ndani ya bati, hasa nyanya au nanasi, uchachu wake ukikutana na hewa huyeyusha madini ya kopo. Wala usilibandike kopo lililozibwa juu ya jiko, maana hulipuka.

Kopo tupu nalo lina madhara. Likijaa maji ya mvua nyuma ya nyumba, hugeuka mazalio ya mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Litoboe kitako au uliponde kabla ya kulitupa.